Mlinzi wa Ndoo ya Vumbi

Sehemu ya sita

Wiki jana mliniacha nimesimama katikati ya mtaa, jua linanichoma utosi na macho ya watu wote yako kwangu. Afisa wa mazingira alikuwa ndiyo kwanza anafungua mdomo asome matokeo. Sasa sikieni alichosoma, halafu mniambie kama kuna binadamu mwenye nuksi kunizidi.

"Vumbi lililoanguka kwenye ndoo ya mtaa huu ni kidogo mno," alisema. "Haliko hata karibu na kiwango kinachokatazwa."

Halafu mtaa ukalipuka.

Aliyechelewa kuanza asihangaike, nitamfikisha upesi. Mimi ni fundi cherehani. Baada ya kufukuzwa kwenye kile chumba cha biashara nilijikuta naishi kwa mama mkwe, mimi, mke wangu na binti yetu mwenye pumu. Nyuma ya nyumba kuna kiwanda kinachosaga mifupa ya ng'ombe kuwa chakula cha kuku. Mifupa imerundikwa nje, inanuka mpaka chai inakuwa na ladha yake. Mashine ya kusagia haina ukuta wala paa, kwa hiyo unga wake mweupe unatua kwenye vitanda vyetu, kwenye sahani zetu na kwenye kifua cha mwanangu.

Tulilalamika. Afisa akaja, mama wa makamo, mpole, mwenye miwani. Akatuambia kwamba harufu haina kipimo pale mjini, kila pua inasema lake, lakini vumbi lina uzito. Akaleta ndoo nyeupe, akaisimamisha juu ya kitako cha chuma, ikae wazi mwezi mzima ipokee kinachoanguka. Kikizidi kiwango, kiwanda hakipewi kibali kipya mpaka kijenge paa na kuziba mashine. Kisipozidi, kinaendelea kama kawaida.

Nyumba ya mama mkwe ndiyo pekee yenye paa la zege la kupanda kwa ngazi. Ndoo ikawekwa huko. Na nani akachaguliwa kuilinda? Mimi, mdomo wangu huu. Nilisimama mbele ya mtaa mzima nikasema: "Hakuna mkono utakaoigusa ndoo ile nikiwa hai." Tangu siku hiyo wakaniita Bwana Ndoo.

Sasa Bwana Ndoo alikuwa anatafutwa shingo.

"Umekula na kiwanda!" Huyo alikuwa kinyozi, jirani wa mbele, aliyeongoza malalamiko yetu tangu mwanzo. "Mimi kila nikinyoa kichwa nakuta unga kabla sijakuta nywele! Leo vumbi halipo? Limeenda likizo?"

"Jamani, mimi nimelinda," nilisema.

"Umelinda tumbo lako!"

Afisa aliinua mkono. "Tulieni. Ndoo ikithibitika imeguswa, matokeo haya hayahesabiwi, tunapima upya. Lakini aliyeigusa nitampeleka mahakamani. Sheria haina mchezo hapo." Akanigeukia. "Fundi, kuna mtu aliigusa?"

"Hakuna," nilisema. "Naapa."

Niliapa kwa moyo safi. Mwezi mzima nilikaa barazani na cherehani yangu, jicho moja kwenye sindano, jicho moja kwenye ngazi. Hakuna jirani aliyepanda. Hakuna mtu wa kiwandani aliyesogea.

Ila kuna jambo moja sikulisema, maana hata mimi sikuliona kuwa jambo. Ndoo yenyewe sikuwahi kwenda kuitazama. Juu ya paa lile ndiko mama mkwe anakoanika nguo zake, na mwanamume mwenye adabu zake hapandi kwenda kukutana na nguo za ndani za mama mkwe zikipunga upepo. Nilikuwa mlinzi wa chini.

Kikao cha kuamua kibali kilipangwa mwisho wa juma lile lile.

* * *

Asubuhi iliyofuata tulikaa mezani. Mama mkwe alikuwa anamimina chai. Huyu mama alifanya usafi wa wodi hospitalini mpaka akastaafu, na hata sasa hawezi kupita kwenye dirisha bila kulifuta. Usiombe akukute umeacha kikombe bila kukisuuza.

Binti yangu alikuwa mapajani mwake, anapumua kwa mluzi ule ninaouchukia kuliko sauti yoyote duniani.

"Kunywa, mke mwenzangu," mama mkwe alimwambia, maana ndivyo wanavyotaniana. Kisha akaniuliza mimi: "Fundi, hivi wale watu jana walikuwa wanakupigia kelele za nini?"

"Mambo ya ndoo, Mama."

"Ndoo ina kosa gani? Ile ndoo ilikuwa inang'aa!"

Chai ilinipalia.

"Ilikuwa inang'aa vipi, Mama?"

"Nilikuwa naisugua kila asubuhi. Watu wa serikali waje wachukue chombo kichafu nyumbani kwangu? Nimefanya kazi wodini mimi. Mkaguzi akiacha beseni mahali, ujue anakupima usafi wako. Kesho anarudi anapitisha kidole. Kidole chao kilitoka cheupe, sivyo?"

Nilimtazama mke wangu. Mke wangu alikuwa anatazama mkate.

"Mama," alisema taratibu, "si ilibandikwa karatasi imeandikwa usiguse?"

"Sikuigusa karatasi. Nilisugua kuizunguka."

Mnacheka? Chekeni. Mtaa mzima tulielezwa kazi ya ndoo ile, kwenye mkutano, kwa mifano. Mama mkwe hakuwepo mkutanoni. Tulimwomba paa tu, akatupa paa, na hakuna aliyepanda ngazi kumweleza. Mimi ndiye niliyekuwa naishi naye, na mimi nilimwonea haya.

Hakuishia hapo. Aliinama chini ya sinki akatoa kopo la maziwa ya unga, kubwa, lenye kifuniko chekundu. Akalifungua mbele yangu kwa fahari.

"Na mimi situpi kitu. Nilikuwa naacha maji yatuame, namwaga ya juu, unga unabaki. Tazama. Unasugua masufuria kuliko sabuni yoyote ya dukani."

Kopo lilijaa hadi juu. Unga mweupe wa mifupa. Niliyatazama masufuria ukutani, yanameta kweli kweli, na nikajua kifungo kinanukia ndani ya nyumba.

* * *

Mke wangu alinivuta chumbani, akafunga mlango.

"Usimwambie," alisema.

"Nisimwambie nini? Kwamba ametumaliza?"

"Punguza sauti! Yule mtoto ndiye pumzi ya mama. Akijua vumbi alilolisugua ndilo lingemwokoa mjukuu wake, hatanyanyuka tena. Namjua mama yangu."

"Basi nikaseme kwa afisa."

"Ukaseme mama yangu ashtakiwe? Umri ule? Kizimbani?"

"Nikinyamaza kiwanda kinapata kibali!"

"Najua."

"Sasa unataka nifanye nini, mama watoto? Niambie basi."

Alivuta begi kutoka mvunguni. Nguo za mtoto zilikuwa tayari zimekunjwa ndani yake.

"Daktari alisema hewa hii itamuua," alisema, na sasa alikuwa analia. "Kikao kikienda vibaya, mimi nahamia kwa dada na mtoto. Sina ugomvi na wewe. Lakini siwezi kukaa hapa nisikilize ule mluzi."

"Na mimi?"

"Dada ana chumba kimoja. Utabaki na mama."

Nibaki na mama mkwe. Wawili. Bila mke, bila mtoto, nakula chakula kilichopikwa kwenye masufuria yanayometa. Nilikaa kitandani nikashika kichwa. Niseme, nimfunge mama yake. Ninyamaze, nimpoteze mwanangu. Nilitafuta mlango wa tatu, sikuuona.

* * *

Siku moja kabla ya kikao, gari la kiwanda lilisimama mbele ya baraza yangu. Akashuka meneja, suti safi, tabasamu hadi masikioni.

"Fundi! Hongera."

"Ya nini?"

"Ya ulinzi." Akawapigia makofi vijana wake, wakashusha robota la kitambaa cheupe, likatua miguuni pangu. "Nataka aproni za wafanyakazi wangu wote. Kazi ya mwaka mzima hiyo. Nimesikia kwako hakuna vumbi, kwa hiyo kitambaa cheupe kitakaa salama."

"Chukua mzigo wako."

"Usiwe na haraka, bwana. Fikiria."

"Nimesema chukua!"

Alikuwa ameshaingia garini. Gari likaondoka, nikabaki na robota. Nilipoinua macho, kinyozi alikuwa mlangoni kwake na wembe mkononi, mteja wake ana sabuni nusu ya kidevu, na wote wawili wameona kila kitu.

"Aa!" kinyozi alisema. "Kumbe ulilipwa kwa kitambaa!"

"Sikumwomba!"

"Hukumwomba, limejileta lenyewe. Robota lina miguu. Jamani, tokeni mwone!"

Wakatoka. Niseme ukweli, hakuna tusi ambalo sikulipata jioni ile. Mama mmoja ambaye nimemshonea bure sare za wanawe alinitemea mate miguuni. Mama mkwe akatoka na ufagio akawatawanya wote.

"Mkwe wangu si mwizi!" alifoka. "Mnamwonea wivu kwa sababu ndoo yake ilikuwa safi!"

Kila akinitetea alikuwa ananizika zaidi, na sikuweza kumwambia.

Mimi nina hasira za karibu, mnanijua tangu sehemu ya kwanza. Asubuhi ya kikao niliamka damu inachemka. Nilimwita msukuma mkokoteni anayepitaga pale, mtu mzima, mwaminifu, ambaye ukimtuma jambo halipungui wala haliongezeki. Tukapakia lile robota. Halafu nikaingia jikoni wakati mama mkwe anaoga, nikachukua kopo lenye kifuniko chekundu, nikaliweka juu ya robota, nikalifunga kwa kamba.

Nilitaka lisionekane tena ndani ya nyumba ile, maana ndilo pekee lililoweza kumshitaki mama. Na nilitaka meneja alifungue aone. Nakiri kwamba hilo la pili ndilo lililonipa raha.

"Mpelekee meneja," nilimwambia. "Mwambie kitambaa chake hiki, na vumbi lake hili hapa. Mkabidhi mwenyewe, mkononi. Usimwachie mlinzi wa getini."

"Mkononi kwake, Fundi."

"Hata iweje."

"Mimi nikitumwa nimetumwa," alisema, akasukuma.

* * *

Ukumbi ulijaa. Mtaa wetu ulikaa upande mmoja, watu wa kiwanda na meneja wao upande wa pili, afisa na mwenyekiti wa kikao mezani mbele. Mama mkwe alikaa safu ya kwanza amevaa vizuri, mjukuu mapajani. Mke wangu alikaa nyuma karibu na mlango. Begi lilikuwa miguuni pake.

"Mlinzi wa ndoo asimame," mwenyekiti alisema.

Nikasimama. Nilimwona binti yangu. Alinipungia mkono, kisha akakohoa, akakohoa tena, bibi yake akampapasa mgongo.

Hapo ndipo nilipouona mlango wa tatu.

"Niliapa kwamba ndoo haikuguswa," nilisema. "Nilidanganya. Iliguswa. Ilioshwa kila asubuhi. Na aliyeiosha ni mimi."

Ukumbi mzima ulivuta pumzi. Kinyozi akasimama juu ya kiti: "Si niliwaambia! Si niliwaambia!"

Sikumjali. Nilikuwa nimepiga hesabu zangu: matokeo yatafutwa, watapima upya, mimi nitashitakiwa, mama atabaki salama, mtoto atapona. Kifungo kingepita. Nilihisi wepesi ambao sikuwa nao kwa wiki nzima.

Wepesi wenyewe haukudumu. Wakili wa kiwanda alisimama, anafunga kifungo cha koti lake bila haraka.

"Mheshimiwa mwenyekiti, tunamshukuru shahidi. Mlinzi huyu alichaguliwa na walalamikaji wenyewe. Kipimo chao wamekiharibu wao. Mteja wangu apoteze muda tena kwa sababu yao? Naomba malalamiko yatupwe, na kibali kitolewe leo."

Mwenyekiti alitikisa kichwa kukubali. "Hoja ina uzito."

"Mheshimiwa!" afisa alisema.

"Ina uzito, mama. Mlalamikaji hawezi kuharibu kipimo kisha adai kingine."

Nilisikia kiti kikiburuzwa nyuma. Mke wangu alikuwa ameinua begi.

"Muongo!"

Sauti ile ilitoka safu ya mbele. Mama mkwe alikuwa amesimama, mjukuu begani, kidole kimenielekea mimi.

"Mama, kaa," nilimwambia. "Tafadhali, Mama."

"Sikai! Mwenyekiti, huyu ni mkwe wangu, na sijawahi kumsikia akisema uongo mkubwa hivi. Hajawahi hata kupanda paa lile. Anaogopa nguo zangu!"

Watu waliangua kicheko. Yeye hakucheka. Aligeuka akamtazama afisa. Alikuwa amesikiliza yote yaliyosemwa, na alikuwa ameelewa.

"Ndoo niliiosha mimi," alisema. "Sikujua. Nilidhani mnanipima usafi. Kumbe ule uchafu ndio mliokuwa mnautaka." Alimkumbatia mtoto kwa nguvu. "Kumbe huyu nilikuwa namnyima hewa mimi. Nifungeni mimi. Lakini msimwachie huyu avute ule unga. Nawaomba."

Hakuna aliyecheka sasa. Hata kinyozi alishuka kwenye kiti. Mimi nililia, na sioni haya kuandika hivyo.

Afisa alivua miwani yake. "Mama, huo uchafu ulikuwa unaumwaga wapi?"

"Nimwage? Mimi situpi kitu. Nimeuweka kwenye kopo."

"Wote?"

"Wa mwezi mzima. Nasugulia masufuria, lakini kidogo tu, mwingi upo. Kopo limejaa."

Afisa alisimama. Sauti yake ilibadilika. "Mheshimiwa mwenyekiti, basi hatuhitaji kupima upya. Vumbi lenyewe lipo. Tutalikausha na kulipima. Kama limepungua kwa masufuria na bado linazidi kiwango, hoja imekwisha."

"Litaaminikaje?" wakili alidakia. "Linaweza kuwa unga wowote!"

"Mfupa hujulikana ukiangaliwa maabara. Au mteja wako ana jirani mwingine anayesaga mifupa?"

Mtaa wetu ulipiga kelele ya furaha. Kinyozi alinirukia shingoni. "Nisamehe, Bwana Ndoo! Nisamehe!" Mke wangu alitua begi chini. Na mama mkwe, ambaye miaka yote hiyo alikuwa ananiita Fundi tu, alinishika mkono.

"Kimbia nyumbani, mwanangu," alisema. "Liko chini ya sinki. Kimbia kalete."

Miguu yangu haikusogea.

"Mwanangu? Hujasikia?"

Nilimtazama meneja. Alikuwa ananitazama anashangaa, hajui bado. Nikisema kopo liko wapi, angepiga simu moja tu getini, na unga ungemwagwa kabla sijafika mlangoni. Nisiposema, ningesimama pale mpaka lini? Ukumbi wote ulikuwa unanisubiri.

"Fundi," afisa aliniita, "kopo liko wapi?"

Nikafungua mdomo. Kabla sijatoa neno, mlango wa nyuma ulifunguliwa.

Alikuwa msukuma mkokoteni. Amelowa jasho, kofia mkononi, na kwapani amebana kopo lenye kifuniko chekundu.

"Samahanini, wakubwa," alisema. "Getini wameniambia meneja yuko huku. Robota nimeliacha nje, lakini huu mzigo niliambiwa nimpe mwenyewe, mkononi."

"Hilo!" mama mkwe alipaza sauti. "Kopo langu lile!"

Niliruka viti viwili. "Nipe mimi! Usimpe! Nipe mimi!"

Msukuma mkokoteni alinitazama kwa upole, kama mtu anayekumbusha rafiki yake ahadi.

"Fundi, si ulisema hata iweje?"

Akanipita. Na meneja, ambaye sasa alikuwa ameelewa kila kitu, alikuwa ameshasimama, tabasamu hadi masikioni, amenyoosha mikono yote miwili.